Ruta ya zamani iingie yenyewe kwenye ukurasa wa Wi-Fi ya kulipia: naomba msaada

SteshenariKirumba aliandika:

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba msaada wa jambo lililonisumbua kwa wiki tatu sasa.

Nina duka dogo la steshenari hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la mwaloni, na kazi zangu ni kuchapa, kutoa nakala, kuskani na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Intaneti naipata kwa jirani mmoja mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, ambaye anarusha Wi-Fi ya kulipia kwa yeyote anayeifikia: wapita njia wanamnunulia vocha za saa moja au za siku, na sisi wenye maduka tunalipa kwa mwezi na kupewa jina la mtumiaji pamoja na neno la siri.

Kwa kuwa kompyuta zangu mbili ni za mezani, na moja haipokei Wi-Fi kabisa, mpwa wangu alichukua TP-Link TL-WR841N iliyokuwa imelala kabatini miaka kadhaa, akaiwekea OpenWrt 19.07 (mfumo wa bure unaowekwa kwenye ruta badala ya ule wa kiwandani), akaipanga idake Wi-Fi ya jirani na kuigawa dukani kwa nyaya, na kwa Wi-Fi ndogo kwa ajili ya printa. Mpwa ameshasafiri kwenda Dodoma kusoma, nami nimebaki na ruta pamoja na daftari lenye amri alizoniandikia kwa mkono, ambazo nazifuata kama mtu anayesoma dawa kwa mwandiko wa daktari.

Shida yangu ni ule ukurasa wa kuingilia. Wateja wakiwa wengi, mtandao unakaa bila tatizo tangu asubuhi hadi mchana, lakini nikitoka kwenda kunywa chai na kurudi baada ya robo saa, nakuta nimeshatolewa na inabidi niingie upya. Umeme ukikatika na kurudi, ni hivyo hivyo. Siku ambayo nimemwachia duka binti anayenisaidia, wateja wanasubiri huku yeye akinipigia simu kuuliza neno la siri, na mimi niko Buzuruga nimebanwa ndani ya daladala.

Nimejaribu kuiamuru ruta itume jina na neno la siri kwa wget, ile amri ya kuvuta kurasa za mtandao. Jibu linalorudi ni ukurasa uleule, ukiwa na mstari mwekundu wa Kiingereza unaosema kwamba kivinjari hakikutuma jibu la fumbo, kwamba nijaribu tena na niwashe JavaScript. Jina na neno la siri ni sahihi, kwa maana nikiviandika kwa mkono ninaingia.

Kuna jambo la pili ambalo sijui kama linahusiana na hilo. Simu yangu ikijiunga moja kwa moja na Wi-Fi ya jirani, ukurasa unafunguka kwa jina lake, lakini kompyuta zilizo nyuma ya ruta yangu zinasema jina hilo halipo. Nikiandika namba 10.5.50.1, unafunguka kote.

Je, ruta ya zamani namna hii inaweza kujiingiza yenyewe, au nimeibebesha mzigo usio wake?

---

Mzee_wa_Bwiru alijibu:

Mwanangu, kwa nini usinunue kifaa cha laini ya simu ukaachana na ukurasa huo? Mimi kijana wangu amenifungia kimoja, nacho hakiniulizi kitu.

---

SteshenariKirumba alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Nilianza na hicho hicho. Duka langu limeegemea mwamba mkubwa kwa nyuma, na laini zote mbili nilizojaribu zinashika vizuri ukisimama barabarani ila ndani zinasuasua. Isitoshe, kwa matumizi ya duka bando linaisha kabla ya mwezi, ilhali kwa jirani nalipa mara moja nikamaliza.

---

fundi_Buzuruga alijibu:

Mkuu, ruta yako inaweza, tena bila kuongezewa programu yoyote. Hilo ni bahati, kwa sababu TL-WR841N nyingi zilizo mitaani zina MB 4 tu za kumbukumbu ya kudumu na MB 32 za kumbukumbu ya muda, na toleo la 19.07 ndilo la mwisho la OpenWrt lililotengenezwa kwa vifaa vyenye ukubwa huo. Ukijaribu kuweka curl humo, programu yenye kazi kama ya wget, utaambiwa nafasi haitoshi. Usihangaike nayo.

Mstari mwekundu uliouona ndio umenionesha kila kitu. Maneno hayo ni ya MikroTik, kifaa ambacho wauzaji wengi wa Wi-Fi za vocha wanakitumia, na namba 10.5.50.1 ni ile ambayo kifaa hicho hujipangia chenyewe kwa kazi hii mwenye nacho asipoibadilisha. Kwa kawaida MikroTik haitaki neno la siri lipite hewani likiwa wazi. Ukifungua ukurasa, inakupa vipande viwili vya fumbo; JavaScript iliyo ndani ya ukurasa inaweka kipande cha kwanza mbele ya neno lako la siri na cha pili nyuma yake, inavisaga vyote pamoja kwa MD5 (hesabu inayogeuza maneno kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu), kisha inatuma unga badala ya nafaka. Wewe ulituma nafaka. Fumbo linabadilika kila mara, kwa hiyo huwezi kunakili jibu la jana na kulitumia leo. Ni lazima ruta isome ukurasa, isage, na kutuma hapo hapo.

Ukifungua chanzo cha ukurasa utakuta mstari wenye hexMD5, na ndani yake alama kama '\123', yaani mkwaju wa nyuma na tarakimu tatu. Hizo ni baiti zilizoandikwa kwa namba za msingi wa nane, na amri ya printf iliyomo ndani ya ruta yako inazielewa zilivyo. Ndiyo maana huhitaji kivinjari wala JavaScript. Printf na md5sum vinatosha.

Kabla ya kukupa skripti, niseme jambo ambalo watu wengi wanalikosea kuliko hata hilo fumbo, nalo ni namna ya kujua kama uko nje au ndani. Usipime kwa taa ya ruta, kwa sababu taa inakuambia kwamba redio imeshikana na redio ya jirani, basi. Usipime pia kwa kuangalia kama wget imefaulu, kwa kuwa ukiwa umetolewa, kila ukurasa wa http unaouomba unageuzwa kuwa ukurasa wa kuingilia, na wget inaupokea kwa furaha na kukuambia kazi imekamilika. Pima kwa maneno yaliyorudi. Firefox wana anwani yao ya kupimia ambayo hurudisha neno moja tu, success. Neno hilo likija uko ndani, na kikija kitu kingine chochote bado hujaingia. Android na Apple wana anwani zao za namna hiyo, na ndizo zinazofanya simu ikutolee taarifa kwamba Wi-Fi hii inahitaji kuingia. Zingatia kwamba anwani ya kupimia iwe ya http na si https, kwa sababu 19.07 kama ilivyotoka haina maktaba ya kusomea https, na hata ingekuwa nayo, ukurasa wa https haugeuziki bila malalamiko ya cheti.

Andika hii kwenye /root/ingia.sh, kisha uipe ruhusa kwa chmod +x:

```
#!/bin/sh
LANGO=http://10.5.50.1/login
JINA=jina-lako
NENO=neno-lako

PIMA=http://detectportal.firefox.com/success.txt
if [ "$(wget -q -T 10 -O - $PIMA)" = "success" ]; then
  rm -f /tmp/makosa
  exit 0
fi

mara=$(cat /tmp/makosa 2>/dev/null || echo 0)
[ "$mara" -ge 5 ] && exit 1

wget -q -T 10 -O - $LANGO > /tmp/ukurasa || exit 1
fumbo() {
  sed -n "s/.*hexMD5('\([^']*\)' *+ *document.login.password.value *+ *'\([^']*\)').*/\\$1/p" /tmp/ukurasa
}
A=$(fumbo 1)
B=$(fumbo 2)
[ -n "$B" ] || exit 1

UNGA=$(printf "$A$NENO$B" | md5sum | cut -d' ' -f1)
wget -q -T 10 -O - --post-data="username=$JINA&password=$UNGA&dst=&popup=true" $LANGO > /dev/null

echo $((mara+1)) > /tmp/makosa
echo "$(date) nimejaribu kuingia" >> /root/kuingia.txt
```

Mstari unaoangalia kama B ina kitu usiuondoe. Kuna siku jirani mwenyewe atakuwa amekosa intaneti huku wewe ukiwa umeshaingia kwake. Siku hiyo kipimo kitashindwa, ruta itakwenda kuomba ukurasa wa kuingilia, lakini itapewa ukurasa wa hali ambao hauna fumbo, na mstari huo ndio utakaoiambia ikae kimya. Kuhesabu makosa hadi matano nako kuna sababu. Muda wako wa mwezi ukiisha, ruta isiyohesabu itagonga mlango wa jirani kila baada ya dakika mbili usiku kucha, na mimi nimeshawahi kufungiwa na mteja wangu mwenyewe kwa kosa hilo. Ukishalipia upya, futa /tmp/makosa au zima ruta na kuiwasha.

Neno lako la siri likiwa na alama ya asilimia, iandike mara mbili, kwa sababu printf inaiona kama amri. Likiwa na mkwaju wa nyuma, mwombe jirani akubadilishie neno, utapunguza maumivu ya kichwa.

Kisha weka mstari huu kwa crontab -e, na uiwashe upya cron, ile inayoendesha amri kwa ratiba, kwa /etc/init.d/cron restart:

```
*/2 * * * * /root/ingia.sh
```

Kuhusu jina lisilofunguka, hilo ni jambo jingine kabisa, wala si kosa la jirani. OpenWrt ina ulinzi unaokataa jibu la DNS (huduma inayogeuza majina kuwa namba) pale jina la mtandaoni linapoelekezwa kwenye namba ya ndani, kama hizo zinazoanza na 10, kwa kuwa kuna udukuzi unaopitia njia hiyo. Ukurasa wa jirani una jina linaloelekea 10.5.50.1, kwa hiyo ruta yako inalitilia shaka na kulimeza. Andika logread uone. Utakuta mstari unaotaja DNS-rebind pamoja na jina lenyewe. Usizime ulinzi wote, bali liruhusu jina hilo moja:

```
uci add_list dhcp.@dnsmasq[0].rebind_domain='jina-la-ukurasa'
uci commit dhcp
/etc/init.d/dnsmasq restart
```

Skripti yenyewe haitajali, kwa sababu inatumia namba, lakini binti wa dukani atashukuru siku atakayotaka kuingia kwa mkono.

---

MwenyeLoji_Nansio alijibu:

Naomba nami niseme, kwa kuwa nimekaa upande wa pili wa ukurasa huo. Nina loji ndogo hapa Nansio, Ukerewe, na ninauza Wi-Fi kwa wageni na majirani kwa kifaa hicho hicho alichokitaja fundi.

Kaka wa Kirumba, ile robo saa ya chai unayotolewa haitokani na ubaya wa jirani yako. Kifaa hiki kinaweza kupangwa ili mteja asiyepitisha kitu chochote kwa dakika kadhaa, tuseme 5, ahesabiwe kwamba ameondoka, na atolewe, na pengine cha jirani yako kimepangwa hivyo. Inatusaidia sisi wenye vocha za saa, maana mgeni akizima simu na kupanda kivuko hatuendelei kumhesabia muda wake. Duka lako likiwa na wateja, kompyuta zinaongea na intaneti kila sekunde. Likitulia na kompyuta zikilala, kimya chako kinafanana na cha mgeni aliyekwisha kuvuka maji. Kwa hiyo skripti ya fundi, ambayo inauliza kila baada ya dakika mbili, haitakuwa inakuingiza mara kwa mara kama unavyodhani. Kule kuuliza kwenyewe kutamfanya jirani akuone uko hai, na hutatolewa kabisa isipokuwa umeme ukikatika au muda wako ukiisha.

Sasa naomba nikuulize wewe: je, jirani anajua kwamba nyuma ya jina moja kuna kompyuta mbili na printa? Nauliza kwa sababu mimi hilo lilinikuta. Ruta inaficha vifaa vyote nyuma ya anwani moja ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa), na kwenye orodha yangu ninaona mteja mmoja tu, mwenye njaa ya watu wanane. Kulikuwa na kijana aliyenunua muda wa mwezi kwangu, akafunga ruta, akawauzia nyumba nne za nyuma yake kwa bei ndogo kuliko yangu. Sikumgombeza, nilimpunguzia kasi tu hadi akaja mwenyewe kuzungumza. Wako wenzangu wanaoweka TTL (idadi ya hatua ambazo pakiti inaruhusiwa kuvuka) kuwa 1 kwenye kila pakiti inayoelekea kwa mteja, ili ikifika kwenye ruta iishie hapo hapo isivuke kwenda nyuma. Ukiona siku moja ruta yako inapata neno success lakini kompyuta zako hazifungui kitu, ujue umewekewa hilo, na hapo jambo si la skripti tena, ni la kuvuka barabara na kuongea.

Ukienda kuongea naye, kuna njia mbili unazoweza kumwomba zisizohitaji skripti. Ya kwanza ni kuandikisha MAC ya ruta yako ipite bila kuulizwa. Wengi watakataa, na mimi nakataa, kwa sababu MAC inanakiliwa kwa urahisi na yeyote atakayeinakili atakula bure kwa jina lako. Ya pili ni kuwasha kumbukumbu ya MAC, ambapo kifaa kilichoingia mara moja kwa neno la siri kinakumbukwa kwa muda fulani, kwa kawaida siku 3, na kikirudi kinaingizwa bila kuoneshwa ukurasa. Hiyo ninaitoa kwa wateja wa mwezi, na inanipunguzia simu za usiku.

---

MwanaHosteli_Nyegezi aliuliza:

Samahani kwa kudandia. Mimi ninaishi hosteli huku Nyegezi, na ukurasa wetu ni wa https, si MikroTik. Ruta yangu ina MB 16, kwa hiyo nimeweka curl pamoja na vyeti, na skripti yangu inafanya kazi mchana kutwa. Lakini umeme ukikatika na kurudi, inakataa na kusema cheti cha ukurasa si halali. Nikiingia kwa simu kupitia ruta hiyo hiyo na kusubiri dakika chache, skripti nayo inakubali. Nimeangalia cheti kwenye kivinjari na hakijaisha muda. Tatizo linaweza kuwa wapi?

---

fundi_Buzuruga alijibu:

Mdogo wangu, tatizo ni saa. Ruta hizi hazina betri ya saa kama kompyuta. Umeme ukikatika zinasahau ni lini, na zinapowaka OpenWrt inakisia kwa kutafuta faili lililobadilishwa karibuni zaidi ndani ya /etc na kuchukua tarehe yake. Kama mara ya mwisho kugusa mipangilio ilikuwa mwezi Machi, ruta inaamka ikiamini ni Machi. Cheti cha ukurasa wenu kikiwa kimetolewa Mei, kwa ruta hiyo cheti hakijaanza kutumika bado, na inakikataa kwa haki kabisa. Saa ya kweli inaiomba mtandaoni, lakini ukurasa umefunga njia mpaka uingie, na huwezi kuingia mpaka saa iwe sawa. Ulipoingia kwa simu uliifungulia ruta njia ya kuuliza saa, ndiyo maana baada ya hapo skripti ikakubali.

Utashauriwa na wengi uiambie curl isikague vyeti. Mimi sikushauri hivyo, kwa sababu mtu yeyote hosteli hapo anaweza kurusha Wi-Fi yenye jina kama la kwenu, na ruta yako itamkabidhi neno lako la siri bila kusita. Njia nyepesi ni kuitumia tabia ile ile ya kukisia: iambie cron iguse faili moja ndani ya /etc mara moja kwa siku, kwa mfano `0 20 * * * touch /etc/saa`. Ruta ikiamka baada ya umeme kukatika, itakuwa imechelewa kwa siku moja kwa wingi, jambo ambalo cheti hakitaligundua. Kuandika mara moja kwa siku hakuchoshi kumbukumbu ya kudumu. Tatizo lingekuwepo kama ungeandika kila dakika.

Ndugu wa Kirumba hahusiki na hili, kwani ukurasa wake ni wa http.

---

SteshenariKirumba alijibu:

Nimerudi na majibu baada ya siku nane. Nawashukuru wote, na kwa dada wa Nansio nina neno la pekee.

Nilivuka barabara siku ile ile. Nilimweleza jirani kwamba nyuma ya jina langu kuna kompyuta mbili na printa, na kwamba simuuzii mtu mwingine. Alicheka, akanionesha orodha yake kwenye simu. Alikuwa ameshaniona, na alidhani ni watoto wanaoangalia mpira. Tumekubaliana nimwongezee kidogo kila mwezi, naye hatanipunguzia kasi. Suala la kuandikisha MAC alilikataa kwa maneno yale yale ya dada, kana kwamba wamesoma darasa moja. Kumbukumbu ya MAC alisema ataiangalia fundi wake akija, na fundi wake bado hajaja, kwa hiyo nimebaki na skripti.

Skripti ilikataa jioni ya kwanza. Nilikaa nayo mpaka saa mbili usiku, harufu ya dagaa wa mwaloni ikiingia dirishani, ndipo nikagundua kwamba kwenye ukurasa wa jirani, ambao aliwahi kumpa mtu aupambe kwa picha ya jiwe la Bismarck, fomu imebadilishwa jina, na mahali palipopaswa kuwa document.login pameandikwa document.ingia. Nilibadilisha neno hilo kwenye mstari wa sed, nikahariri cron, nikajitoa kwa makusudi, na baada ya dakika mbili nikajikuta ndani bila kugusa kitu. Jina la ukurasa nalo linafunguka. Mstari wa DNS-rebind niliukuta kwenye logread kama ulivyosema, umejirudia mara nyingi sana.

Kilichobaki ni printa. Jirani akikosa umeme huku mimi ninao, printa inapoteza Wi-Fi ya dukani kwangu, ingawa ruta yangu inawaka.

---

fundi_Buzuruga alijibu:

Hapo ruta yako ina redio moja inayofanya kazi mbili, kudaka na kurusha, na zote mbili ni lazima zikae kwenye chaneli moja, ile ya jirani. Redio ya jirani ikipotea, yako inahangaika kuitafuta na haiwashi upande wa kurusha mpaka imeipata. Hilo halirekebishwi vizuri kwa skripti. Unganisha printa kwa waya wa LAN kama ina tundu. Kama haina, iunge kwa USB kwenye kompyuta moja na uishirikishe kwa ile nyingine. Ukishafanya hivyo uizime kabisa Wi-Fi ndogo ya dukani, na redio itabaki na kazi moja tu, ya kudaka.

Umeangalia /root/kuingia.txt? Ningependa kujua imeandika mara ngapi.

---

SteshenariKirumba alijibu:

Printa nimeiunga kwa USB leo asubuhi, na inachapa.

Faili lina mistari mitatu tu kwa siku zote nane. Wa kwanza ni wa jioni ile niliyojitoa kwa makusudi. Miwili iliyofuata ilinishangaza, kwa sababu imeandikwa siku ile ile na karibu dakika ile ile ya jioni hiyo, wakati najua sikujitoa tena. Kisha nikakumbuka ulivyomweleza kijana wa hosteli kuhusu saa: faili la cron liko ndani ya /etc, na ndilo nililoligusa mwisho, kwa hiyo kila umeme ukirudi ruta yangu inaamka ikiwa saa mbili usiku ya siku ile. Umeme ulikatika hapa Alhamisi na Jumapili. Mara zote hizo binti alikuwa dukani peke yake, na hakunipigia simu.